Hustler: Neno Lililoanza Kama Jina la Mwizi

Kama ungeishi miaka ya 1820 halafu mtu akuite hustler, hangekuwa anakusifu. Angekuwa anakuita mwizi. Tena si yule mwizi wa kuingia kwa dirisha usiku akiwa ameshika viatu mkononi. Hustler alikuwa mwizi wa kukusukuma. Mnabanana naye kidogo kwenye umati, unageuka kumwangalia vizuri, na ukija kujipapasa pochi imeenda.

Leo neno hilo hilo limechapishwa kwa tisheti Gikomba, limepakwa rangi nyuma ya matatu, liko kwa maelezo ya nusu ya watu ninaowafuata mtandaoni, na serikali ya Kenya imelipa hazina nzima ya mikopo. Mimi nilitaka kujua limefikaje huku. Nilitaka kujua kwa sababu linanihusu. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa ndiyo sababu kubwa, na tangu siku hiyo hakuna mtu ameniuliza kama nina kazi. Huwa naulizwa, "Sasa siku hizi unahaso nini?"

Kwa hivyo wasee, tulieni. Hii ni ndefu kidogo.

Tuanzie mbali, Uholanzi. Waholanzi wana kitenzi husselen, na zamani kilikuwa pia hutselen. Maana yake ni kutikisa, kuchanganya vitu kwa kuvirusha huku na huku. Hata leo Mholanzi akichanganya karata kabla ya kuzigawa, anaweza kutumia neno hilo. Kuna chakula chao kinaitwa hutspot, ni viazi, karoti na vitunguu vilivyopondwa pamoja, na ile huts ya mbele ni ya ukoo huo huo. Watu wa mji wa Leiden hukila kila tarehe 3 Oktoba kukumbuka siku ya mwaka wa 1574 ambapo jeshi la Wahispania liliacha kuuzingira mji wao. Ukiniuliza mimi, hiyo ni mukimo tu iliyokosa mahindi.

Sasa, Waingereza wa karne ya 17 walikuwa na uhusiano wa ajabu na Waholanzi. Walipigana vita vitatu kati ya 1652 na 1674, nyingi ya mapigano hayo baharini, na wakati huo huo wakaendelea kufanya biashara na kuchukuliana maneno. Skipper ni la Kiholanzi. Yacht pia, na brandy. Hata boss limetoka kwa baas, neno la walowezi wa Kiholanzi waliojenga mji ambao leo ni New York, kabla Waingereza hawajauchukua mwaka wa 1664. Hebu fikiria hiyo. Boss na hustler ni watu wa kijiji kimoja.

Hustle liliingia Kiingereza miaka ya 1680 likiwa na maana ile ile ya kutikisa, na mahali pamoja lilipotumika sana ni kwenye mchezo ulioitwa hustle-cap. Mnaweka sarafu kwa kofia, mtu anaitikisa, anazimwaga chini, na sarafu zikianguka upande wa kichwa ni zake. Hiyo ni kamari, hakuna jina lingine. Kama umewahi kusimama karibu na wale jamaa wa pata potea, wale wa karata tatu juu ya katoni, unajua hiyo hali ya kuona pesa zikizunguka mbele yako na hujui zitaangukia nani. Neno lilianzia hapo, kwa sauti ya pesa ambazo bado si zako.

Kufikia katikati ya karne ya 18, kutikisa sarafu kulikuwa kumegeuka kutikisa watu. To hustle sasa ilikuwa kumsukuma mtu ovyo. Na hapo ndipo wachopozi walipoingia. London ilikuwa imejaa. Sensa ya kwanza ya mwaka wa 1801 iliukuta mji una watu karibu milioni moja, na polisi wa mji kama tunavyowajua hawakuanzishwa hadi 1829. Mahali pa watu wengi na askari wachache, kusukuma ni mtaji. Mtu yeyote aliyepanda matatu saa kumi na mbili jioni anaijua hii mbinu bila kufundishwa: wawili wanakubana mlangoni, mmoja anageuka kushuka akisema amekosea gari, na ukifika kwa kiti huna simu. Hao ndio mahasla wa asili. Wakiwa na hataza ya hilo jina, sisi wengine tungekuwa tunalipia.

Neno likavuka bahari kwenda Marekani na huko likabadilisha tabia, ingawa si mara moja. Mwanzoni, miaka ya 1840, lilikuwa bado chafu: kupata kitu haraka kwa njia isiyo halali. Lakini kufikia miaka ya 1880 hustler alikuwa pia mtu mchapakazi, asiyelala, muuzaji anayebisha milango mpaka ufungue. Ni mabadiliko makubwa na mimi nina maelezo yangu. Kijijini Uingereza, mtu wa kusukuma wenzake alikuwa hana adabu, kwa sababu kila mtu alijua nafasi yake na ya babake. Katika mji mpya wa magharibi ya Marekani, baada ya reli kuunganisha pande mbili za nchi mwaka wa 1869, hakuna aliyemjua babako. Asiyesukuma alikuta viwanja vimeisha. Kusukuma kukawa sifa. (Viwanja vyenyewe vilikuwa vya wenyeji walionyang'anywa ardhi, kwa hivyo maana ya kwanza ya neno haikuwa imeenda mbali sana.)

Hapa ndipo hadithi inagawanyika mara mbili na ndipo mimi huanza kukasirika.

Mzungu wa Marekani aliyeitwa hustler mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa na nafasi nzuri ya kuwa anasifiwa: huyo kijana atafika mbali. Mtu mweusi aliyeitwa hustler alikuwa na kesi. Kati ya miaka ya 1910 na 1970, Wamarekani weusi karibu milioni sita walihama kusini kwenda miji kama Chicago, Detroit na New York. Walikuwa wanakimbia ubaguzi na kutafuta kazi za viwandani, na wengi walipofika walikuta kazi nzuri zina wenyewe. Wao walikuwa wa mwisho kuandikwa na wa kwanza kufutwa. Sasa, mlango wa mbele ukifungwa, mtu huzunguka nyuma. Bahati nasibu za mtaani, kuuza vitu bila leseni, kamari, mambo mengine mabaya zaidi. Yote hayo yakaitwa hustle. Neno moja, nchi moja, lakini maana ilitegemea nani alikuwa amesimama upande gani wa mlango.

Malcolm X alipitia huko. Kabla hajawa yule tunayemjua, alikuwa kijana wa mtaa wa Harlem, na mwaka wa 1946 alifungwa kwa wizi wa kuvunja nyumba. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1965, sura moja inaitwa kwa neno hili hili, "Hustler". Ukiisoma hutatamani kuchapisha tisheti. Anaeleza maisha ya mtu asiyeweza kulegea hata kidogo, asiyemwamini rafiki yake, anayejua kwamba siku akisinzia ndiyo siku yake.

Mwaka wa 1959 mwandishi Walter Tevis alitoa riwaya inayoitwa The Hustler, na 1961 ikawa filamu na Paul Newman akaigiza. Ni hadithi ya mcheza pool. (Huyu Tevis ndiye pia aliandika The Queen's Gambit, ile ya chesi ambayo kila mtu aliitazama 2020 halafu akanunua bao la chesi ambalo sasa linashikilia vumbi.) Hustler wa meza ya pool si mtu anayecheza vizuri tu. Ni mtu anayejifanya hajui. Kila mtaa una huyo msee: anakosa mpira rahisi kabisa, anacheka, anasema leo si siku yake, mnaongeza dau, na dakika kumi baadaye umebaki na nauli ya kwenda tu. Kwa hiyo neno likapata maana nyingine, ya kudanganya kwa ustadi. Tangu miaka ya 1920 lilikuwa limeshapita kwenye biashara ya ngono pia, na mwaka wa 1974 Larry Flynt akalipa jarida lake la picha za watu wazima. Ukimwambia Mmarekani wa miaka sabini kwamba Rais wetu alizindua Hustler Fund, mpe muda ameze chai kwanza.

Halafu mwaka uliofuata, 1975, Van McCoy akatoa wimbo wa disko unaoitwa The Hustle na watu wakaanza kulicheza hilo neno kwa harusi. Maneno hayana aibu.

Kuna mtaalamu mmoja wa siasa, Lester Spence, Mmarekani mweusi anayefundisha Johns Hopkins, aliyeandika kitabu mwaka wa 2015 kiitwacho Knocking the Hustle. Kuna jambo moja amelishika ambalo kwangu ndilo kiini cha hii stori yote. Hustler wa zamani, anasema, alikuwa mtu anayekwepa kazi. Alitaka kula bila kuchoka. Ndiyo maana akacheza kamari na kudanganya watu. Hustler wa sasa ni kinyume kabisa. Ni mtu anayefanya kazi bila kuacha, asubuhi hadi usiku wa manane, na anajivunia. Neno limebaki lile lile lakini mtu aliye ndani yake amebadilishwa.

Nilipoelewa hilo nilisimamisha kila kitu kwa muda. Manake mimi ndiye huyo wa pili. Nahariri video za harusi za watu, narekodi zangu, nauza viatu vya mitumba wikendi, na kuna siku naamka saa kumi usiku kwa sababu ndio wakati intaneti inasonga. Mwizi wa 1825 angenicheka.

Aliyelisafisha jina kabisa ni hip-hop. Watoto wa mitaa ile ile ya milango iliyofungwa walilichukua neno la polisi wakalivaa kama mnyororo wa dhahabu. Mwaka wa 1973, Jalal wa kundi la The Last Poets alitoa albamu inayoitwa Hustlers Convention, na wanamuziki wengi wa rap wanaihesabu kati ya mizizi yao. Baadaye kila mtu alikuwa na wimbo wa hustle. Nipsey Hussle alilitia mpaka kwenye jina lake. Huyu tunamjua, babake alitoka Eritrea, si mbali na hapa. Mwaka wa 2013 aliuza nakala 1,000 za kanda yake Crenshaw kwa dola 100 kila moja, wakati ambapo unaweza kuipata bure mtandaoni, na watu wakapanga foleni. Alipigwa risasi 2019 nje ya duka lake mwenyewe, katika mtaa aliokulia. Mimi nilikuwa bado shule ya upili na nakumbuka wasee wa darasa letu wakivaa nyeusi kana kwamba ni jamaa yao amekufa.

Kwa hiyo sisi tulilipokea likiwa limeshaoshwa. Lilikuja kwa kaseti, kwa video, kwa redio, na Sheng ikalikata mkia ikapata haso. Kuhaso, nahaso, umehasoje. Magazeti ya Kiswahili yakaandika hasla na mahasla.

Lakini hebu tuulize: kabla halijafika, sisi tulikuwa tunasemaje? Kwa sababu shughuli yenyewe haikuja na meli.

Pwani kuna methali mnaijua tangu darasa la nne, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Mwalimu alitufundisha kwamba inahusu bidii, tukaandika, tukasahau. Lakini angalia hicho kitenzi. Kugaagaa ni kujigeuza upande huu na upande huu, kujibiringisha huku na huku. Mtu anayezungukazunguka pale upwani hatakosa kasamaki cha kuweka juu ya wali wake. Sasa rudi Uholanzi: husselen, kutikisa huku na huku. Watu wawili wasiojuana, mmoja kwa bahari baridi na mwingine kwa bahari ya joto, walitafuta picha ya mtu anayesaka riziki na wote wakaona kitu kisichotulia. Hiyo iliniua. Tofauti ni kwamba mgaagaa wetu hamwibii mtu. Anaokota kile bahari imeacha.

Watanzania wana kubangaiza, ambalo lina uchovu fulani ndani yake, kama mtu anayejua hesabu haitoshi lakini anaanza siku hivyo hivyo. Na Nairobi ilikuwa na neno lake kubwa muda mrefu: jua kali. Hilo mimi nalipenda kwa sababu halikupambi. Linasema tu mahali unapofanyia kazi. Huna paa.

Na hapa kuna kipande cha historia ambacho sikufundishwa popote. Mwaka wa 1972, Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya. Wataalamu walikuja wakitafuta watu wasio na kazi, wakakuta watu wanafanya kazi kila kona: mafundi wa masufuria, washonaji, wauza mboga, maseremala wa kando ya barabara. Walikuwa wanafanya kazi sana, ila kazi ambayo haikuandikwa mahali. Ripoti ikatumia jina "sekta isiyo rasmi", wazo ambalo mwanaanthropolojia Keith Hart alikuwa ameliibua kutokana na utafiti wake Accra, na kutoka kwa ripoti hiyo ya Kenya jina likasambaa dunia nzima. Yaani fundi wa Nairobi alisaidia kuipa dunia msamiati, na yeye akabaki akifukuzwa na askari wa kanjo. Ilifika 1985 ndipo Rais Moi akatembelea mafundi wa Kamukunji na kuahidi kuwajengea vibanda vya kivuli. Jua kali likawa neno la serikali.

Unaona mtindo? Watu wanajipa jina wakiwa kwenye shida, halafu miaka inapita, halafu mkubwa anafika na kamera kulipokea hilo jina.

Ya 2022 wengi wetu tuliishuhudia. William Ruto, ambaye alikuwa Naibu Rais kwa karibu miaka kumi, alijiita hustler. Alisimulia alivyouza kuku kando ya barabara karibu na kivuko cha reli akiwa kijana. Wapinzani wake aliwaita dynasty, kwa sababu Raila Odinga na Uhuru Kenyatta ni wana wa makamu wa rais wa kwanza na rais wa kwanza. Alama ya chama ikawa wilibaro, wito ukawa Kazi ni Kazi. Tarehe 9 Agosti alipata kura zaidi ya milioni saba na akashinda.

Sitaki kugeuza hii kuwa mambo ya siasa, kwa sababu mtaanza kupigana na mimi nataka tuongee neno. Kama kazi ya lugha, ile kampeni ilikuwa safi sana. Miaka mingi mtu anayesukuma mkokoteni alikuwa haonekani, au akionekana anaonewa huruma. Ghafla ana jina, na jina ni la kujivunia, na ni lile lile la Nipsey. Mathe anayeuza mboga na kijana mwenye digrii anayeendesha boda walijikuta wako kwa neno moja. Nani angekataa?

Shida ni kile neno lilichobeba kimya kimya. Hustler hana mwajiri. Hana likizo, hana bima, hana siku ya malipo, hana mtu wa kushtaki. Ukikubali kuitwa hivyo kama sifa, umekubali pia kwamba hivyo vyote si deni la mtu yeyote kwako. Kila mwaka takwimu za serikali zinaonyesha zaidi ya asilimia 80 ya waliojiriwa nchini wako kwa sekta isiyo rasmi. Ukisoma hiyo namba kwa neno la 1972, unaona tatizo la kutatua. Ukiisoma kwa neno la 2022, unaona taifa la watu wenye bidii. Namba ni ile ile.

Tarehe 30 Novemba 2022 Hazina ya Hasla ikazinduliwa Nairobi. Unakopa kwa simu, kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka, unalipa ndani ya siku 14. Niseme ukweli, ukilinganisha na zile programu za mikopo zinazompigia shemeji yako ukichelewa siku moja, hiyo riba ni ndogo sana. Lakini pia nifanye hesabu. Ukipewa 500, asilimia 5 inaenda akiba, kwa hivyo mkononi una 475. Nilikaa nikifikiria ni haso gani inaanza na 475 na inaiva kwa wiki mbili. Labda sukumawiki. Labda mayai ya kuchemsha, ukiwa na sufuria tayari na ukiwa hulipi kanjo.

Halafu mwaka uliofuata, 2023, Sheria ya Fedha ikatuangalia sisi wa mtandao. Pendekezo la kwanza lilikuwa kukata asilimia 15 ya malipo ya watengenezaji wa maudhui kabla hata hayajatufikia. Ikapitishwa asilimia 5. Mimi sikatai kodi. Barabara haijengwi na maombi. Nilichoona ni kwamba siku ya kukatwa pesa, ghafla nilikuwa mfanyakazi rasmi kabisa, mwenye mapato na wajibu. Ile siku ya kuuliza bima, nilirudi kuwa hustler.

Na hili si la serikali peke yake. Mwaka jana kuna mteja nilimfanyia video tatu. Nilituma invoisi, kimya. Nikatuma tena baada ya mwezi. Siku ya tatu nilipopiga simu aliniambia, kwa upole kabisa, "Buda, si wewe ni hustler, elewa tu mambo ni magumu." Nilikata simu nikakaa. Hakusema hana pesa. Alitumia lile neno kama sababu. Mfanyakazi angelazimika kumlipa. Hustler ataelewa tu. Nusu ya hizo pesa sijaziona mpaka leo, na huyo mtu bado anapenda picha zangu.

Ni hapo nilielewa kwamba neno halijasahau kazi yake ya kwanza. Bado kuna mtu anasukumwa na pochi inaenda. Ila zamani hustler ndiye alikuwa anaondoka nayo.

Kitu kingine nimekiona. Vijana walipoingia barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, wengi wao wakiwa wa rika langu, hawakuenda kwa jina la mahasla. Walijiita Gen Z. Miaka miwili tu ilikuwa imepita na lile jina lilikuwa limebaki kwa vichekesho. Mtaani siku hizi ukisema "hustler nation" mtu anacheka kabla hujamaliza. Lakini kitenzi hakijaguswa. Kuhaso bado tunahaso, na mathe wangu akiulizwa na majirani kuhusu mimi bado anasema "anahaso huko town", kwa sauti fulani ya kulinda, kana kwamba amenifunika na leso. Neno la mwanasiasa lilichakaa, la mathe halijachakaa.

Nimalizie na safari moja ya neno ambayo ilinifurahisha. Suriname, huko Amerika Kusini, ilikuwa koloni la Waholanzi mpaka 1975. Watu wa huko wana neno hossel, la kibarua cha pembeni, kitu cha kuongezea mshahara, na linahusishwa na hustle la Kiingereza. Wasuriname wengi walihamia Uholanzi, wakaenda nalo. Leo ukiwa Amsterdam utasikia vijana wakisema hosselen, wakimaanisha kuhaso kabisa, kama sisi. Kwa hivyo neno liliondoka Uholanzi likiwa la kutikisa kofia, likaiba pochi London, likauza viwanja Marekani, likafungwa na kutoka, likaimba, halafu likarudi nyumbani na rangi nyingine na lafudhi nyingine. Mzee wa huko anachanganya karata zake kwa husselen, mjukuu wake ana hosselen yake mtaani, na sidhani wengi wao wanajua ni neno moja.

Hizo ndizo nilizopata. Nyanya yangu, ambaye ameuza ndizi sokoni kwa miaka mingi kuliko nilivyoishi, hajawahi kulitumia. Yeye husema anaenda kutafuta ya unga. Kama kwenu kuna lingine, la Kijaluo, Kikamba, Kigiriama, lolote, nitumieni na mniambie linamaanisha nini hasa. Nataka kuona ni mangapi yana mtu asiyetulia ndani yake.